Kibodi ya Boksi la Sabuni

Jumapili, tarehe 3 Mei

Nimekuwa wa kwanza! Somo la kompyuta, mada ya mfumo endeshi. Nimetaja kazi zake zote, nikazifafanua moja moja, nikapigia mistari kwa rula. Mwalimu ameandika pembeni: "Safi sana, endelea hivyo." Nimemsomea Mama. Kisha nikamsomea jirani aliyekuja kuazima ndoo.

Mama hakuweza kukaa na furaha hiyo peke yake, akaipeleka kwa Shangazi. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Shangazi ana karakana ya kudarizi. Mashine yake inashona nembo na majina kwenye sare, na maagizo inayapokea kutoka kwenye kompyuta. Kompyuta hiyo imekuwa nzito siku hizi. Unaibonyeza, inafikiri. Unaenda kukoroga chai, unarudi, bado inafikiri. Shangazi ametuma salamu: kesho nikitoka shule nipitie, maana ukoo sasa una mtaalamu.

Kulikuwa na jambo moja dogo la kumwambia Mama. Sikumwambia. Naliandika hapa kwa herufi ndogo: sijawahi kugusa kompyuta.

Shuleni kwetu ipo moja. Inakaa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, imefunikwa kitambaa cha maua kama mkate. Sisi tunajifunzia ubaoni, na Mwalimu anafundisha vizuri sana, sina lawama. Kila mwanafunzi ametengeneza kibodi yake kwa boksi. Mimi nilitumia boksi la sabuni. Lilikuwa jembamba, kwa hiyo herufi za mwisho za kila mstari zilikosa nafasi, nikaziteremsha zianzie mstari wa chini yake. Herufi zote zipo. Hakuna iliyoonewa. Naandika juu yake kwa vidole kumi, macho mbele, kwa kasi ya kutisha. Msomi haangalii vidole, ndivyo Mwalimu asemavyo.

Mpango wa kesho: kusikiliza sana, kutikisa kichwa, kugusa kidogo.

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Karakana ya Shangazi ni chumba kimoja kirefu. Mwishoni mashine, katikati meza ya kukatia, dirishani kompyuta na kile kiti kinachozunguka. Kiti hicho nimekitamani tangu niko darasa la tatu. Kazi yangu pale siku zote ni kukata nyuzi zinazoning'inia, nikiwa kwenye kigoda. Leo Shangazi mwenyewe amekipangusa kiti, akanikaribisha. Wasichana wawili wanaoshona vifungo wakaacha sindano kunitazama. Nilivikwa kilemba cha ukoka, nami nikainamisha kichwa kitoshe.

Tatizo la kwanza: inawashwa wapi? Mwalimu alituandikia "washa kompyuta" kama hatua ya kwanza, hakuchora kitufe. Nikaizunguka kwa macho, sioni. Nikamwambia Shangazi kwamba kwa heshima, mwenye nyumba ndiye afungue mlango. Akafurahi kweli. Akawaambia wasichana kwamba mtoto aliyelelewa hajifichi. Kisha akainama akabonyeza kitufe kilichokuwa mbele ya goti langu.

Binamu alikuwepo, kwa bahati mbaya. Ni mtoto wa kwanza wa Shangazi. Anatengeneza simu kwenye kibanda mtaa wa pili, na ana bisibisi nyuma ya sikio hata akiwa anakula. Mimi ananiita Profesa. Ana dawa moja kwa kila ugonjwa: futa vyote, weka mfumo endeshi upya. Alisema na hii angeifuta ingekuwa nyepesi kama ya dukani. Shangazi akamwambia arudi kwenye simu zake. Michoro yote ya nembo imo humo humo, na nakala hana.

Halafu akanieleza kwa sauti ya chini, kama mgonjwa anayemweleza daktari. Chuo cha wauguzi kimemletea makoti meupe ya wahitimu. Kila koti lidariziwe nembo ya chuo na jina la mwenyewe. Mahafali ni Jumamosi. Matroni wa chuo amesema kazi ikipendeza, sare zote za chuo zitakuja kwa Shangazi. Isipopendeza, ng'ambo ya barabara kuna fundi mwingine. Shangazi hajapata kazi kubwa tangu mwaka jana, na msichana mmoja wa vifungo anaweza kulazimika kuondoka.

Nikamwambia asiwe na shaka. Sijui nani aliyetamka maneno hayo, ila yalipitia kinywani mwangu.

Ikabidi nionekane nafanya kitu. Nikaandika sentensi: Shangazi yangu ni hodari. Vidole kumi, macho dirishani. Nilipogeuka, skrini nzima ilikuwa vurugu, herufi zimekaa kama watu waliokimbia mvua. Nikarudia. Vurugu ileile. Shangazi akajaribu kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayechambua mchele. Likatokea jina lake, zuri, halina kasoro. Nikajaribu tena mimi. Vurugu.

Binamu akauliza kwa upole kama hiyo ni lugha ya chuo kikuu.

Uso uliniiva. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba hivi ni virusi. Tena virusi vibaya, vinavyomwogopa mwenye kompyuta na kumshambulia mgeni. Wasichana wa vifungo wakarudi nyuma hatua moja.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Nimemuuliza Mwalimu kwa kuzunguka. Nikasema nina rafiki ambaye ana shangazi. Mwalimu akafurahia swali, akalifanya somo zima. Utunzaji wa kompyuta: ondoa takataka, ruhusu masasisho ya mfumo endeshi, badilisha nenosiri. Nimenakili yote kwa wino mwekundu na wa bluu.

Karakana, alasiri. Takataka kwanza. Kuna kipipa kidogo pembeni ya skrini, kimejaa tangu Binamu akiwa na meno ya utoto. Nikamwomba Shangazi akimwage yeye, mimi nimuelekeze. Kikawa cheupe! Nikaanza kujipenda kidogo.

Kisha masasisho. Yalikuwa yanasubiri tangu zamani, na Shangazi alikuwa anayaambia "baadaye" kila siku, kama anavyowaambia wauza vitambaa. Tukayaruhusu. Skrini ikaandika: Inasasisha, usizime. Ikakaa hivyo. Wasichana wakamaliza koti zima la vifungo. Binamu akaja, akasema imekufa, akanyoosha mkono kwenye kitufe. Nikasimama mbele ya kitufe hicho, nikatanua sketi. Nilimwambia atapita juu ya maiti yangu. Akasema maiti ya Profesa itakuwa nyepesi sana, vitabu ndivyo vizito.

Ikamaliza. Ikawaka. Nyepesi! Mchoro wa nembo ukafunguka kabla Shangazi hajaweka kikombe chini. Akanikumbatia mbele ya Binamu. Nikazunguka kwenye kiti mara moja, kwa heshima.

Ningeishia hapo. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini lilibaki la nenosiri, na mimi huwa siachi zoezi katikati. Nikamwomba Shangazi neno jipya, akasema subira, maana ndiyo iliyomfikisha hapa. Zuri sana. Ili virusi visinione nikisitasita, nilifumba macho kabisa. Vidole kumi, kasi yote. Kompyuta haionyeshi herufi za nenosiri, inaonyesha vitone tu. Ikataka nirudie. Nikarudia. Vikalingana. Ikanisifu kwamba nenosiri ni imara.

Nimeizima kwa utaratibu. Shangazi amenifungia kipande cha keki. Nadhani likizo hii nitakaa kwenye kile kiti.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Msichana wa vifungo amekuja kuniita shuleni wakati wa mapumziko. Alikuwa anahema. Wenzangu wote wakanitazama kwa wivu. Niliwaambia ni masuala ya kikazi.

Shangazi alikuwa ameandika subira tangu asubuhi. Kidole kimoja, herufi moja moja. Kompyuta inakataa. Nenosiri si sahihi. Akaniomba niandike mimi, polepole, ili na yeye aone. Kwa kuwa alisimama begani pangu, nikaangalia vitufe, nikatafuta S, nikatafuta U, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ikakataa. Nikaanza na herufi kubwa. Ikakataa. Nikaipangusa kwa leso, nikaandika tena. Ikakataa.

Makoti yananing'inia ukutani, meupe, mifuko haina nembo wala jina. Yalikuwa yananitazama.

Nikasema virusi vimelila nenosiri. Nilisema nikiangalia sakafu. Shangazi hakunikaripia. Alinimiminia chai, akaniwekea sukari anavyojua napenda. Afadhali angenichapa.

Binamu akasema basi dawa anayo. Kesho jioni anakuja na vifaa vyake, anafuta vyote, anaweka mfumo mpya. Michoro itaondoka, ndiyo, lakini kompyuta itafunguka. Shangazi akauliza nembo ya chuo ataipata wapi. Ilimchukua wiki kuichora. Binamu akasema huenda fundi wa ng'ambo ya barabara atamwazima. Shangazi akageuza uso dirishani, akakitazama kibao cha yule fundi kwa muda. Kisha akasema, ikibidi, atakwenda kumpigia magoti.

Shangazi yangu. Magoti. Kwa sababu yangu.

Mpango wa jioni: kumchelewesha Binamu. Nimechukua simu ya Mama, nikaifungua, nikageuza kadi ya laini ndani yake, nikaipeleka kibandani nikiwa na uso wa msiba. Nikamwambia ni tatizo kubwa, itamchukua hata siku mbili. Aliifungua, akaigeuza kadi, akanirudishia kabla sijapata pa kukaa. Akasema nimsalimie Mama. Alikuwa anacheka na bisibisi yake.

Nimejaribu kumwambia Mama ukweli wakati wa kuosha vyombo. Nilifika kwenye "Mama, unajua ile kompyuta ya Shangazi," akasema ndiyo mwanangu, leo nimewasimulia na wenzangu kazini. Nikaosha sufuria.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Siku ya aibu. Naiandika yote, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Asubuhi Mwalimu alikagua kibodi za boksi. Kwa kuwa mimi ni wa kwanza, akaichukua yangu aionyeshe darasa. Akaiweka mezani, akatega vidole, akaanza kuandika hewani huku akitamka. Kisha akasimama. Akaitazama. Akaigeuza, akaona maandishi ya sabuni, akaigeuza tena.

"Binti," akasema, "kibodi hii ni ya nchi gani?"

Darasa likapasuka. Aliichora kibodi ya kweli ubaoni, akaiweka yangu pembeni yake. Kwenye ya kweli, A inaanza mstari wa pili. Kwenye yangu, kabla ya A wamekaa O na P, wageni waliokosa chumba juu. Na kuanzia hapo kila herufi imesukumwa. Mwalimu hakunikasirikia. Alisema kosa ni lake, kwa kuwa hakukagua mapema. Hilo nalo likaniuma. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze, pamoja na dawati.

Halafu, katikati ya vicheko, ikanijia kama kofi. Sikuandika subira. Vidole vyangu viliandika subira ya boksi la sabuni.

Hakukuwa na virusi.

Kengele ilipolia nilikimbia mpaka karakana. Binamu alishafika, ameunganisha kifaa chake, skrini inamuuliza kama ana uhakika anataka kufuta vyote. Nikapiga kelele asiguse. Mpango ulikuwa huu: nimwombe kila mtu atoke nje, kwa kuwa nenosiri ni siri, nifungue peke yangu, nitoke nikijipangusa jasho kama daktari. Wasichana wa vifungo walikubali kutoka. Binamu akaweka miguu juu ya kiti kingine. Akasema mgonjwa hafi mbele ya Profesa bila shahidi. Lakini alikichomoa kifaa chake, nakubali.

Basi nikaandika mbele yao, macho nimefumba. Ikakataa. Tangu asubuhi nilishaiona ile kibodi ya ubaoni na vidole havikujua tena vimfuate nani. Nikarudia. Ikakataa. Binamu akanyoosha mkono kuchukua kifaa chake.

Ikabidi. Nikafungua begi, nikatoa boksi la sabuni, nikaliweka mezani mbele ya kompyuta. Upande wa chini bado kuna picha ya shati jeupe linalometa.

"Shangazi," nikasema, "sikuwahi kugusa kompyuta kabla ya Jumatatu. Nimejifunzia hapa."

Mashine ilikuwa imezimwa, haikunisaidia kwa kelele. Shangazi alilichukua boksi, akapitisha kidole kwenye herufi nilizozichora kwa rula. Nilijua sasa anakumbuka chai, na keki, na virusi. Kisha akaliweka chini, akalinyoosha lisipinde.

"Basi funga macho, mwanangu," akasema. "Andika kama ulivyofundishwa."

Niliandika kwanza juu ya boksi, mara nyingi, mpaka vidole vikatulia. Halafu nikahamia kwenye vitufe, bila kufumbua.

Nikasikia Shangazi akivuta pumzi. Nembo ya chuo ilikuwa imejaa skrini nzima.

Binamu alicheka mpaka bisibisi ikaanguka kutoka sikioni. Ni mara ya kwanza naiona chini. Kisha akataka kujua nilichobonyeza ni nini hasa, akaniambia niandike penye kuonekana. Ikatoka: fu,ird. Aliisoma kwa sauti. Aliisoma na alipokuwa barabarani.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Mashine imeshona tangu alfajiri. Nimerudi kwenye kigoda, nakata nyuzi. Kwenye kiti kinachozunguka amekaa Shangazi. Hakunifukuza. Alinipa mkasi tu. Ni mkasi mzuri.

Wasichana wa vifungo sasa wananiita Sabuni. Wanasema kwa upendo, ndiyo maana siwezi kukasirika, ndiyo maana inauma. Kila Binamu akipita mlangoni ananisalimu: fu,ird.

Mama ameshaambiwa. Alichukua boksi la sabuni akauliza kama bado lina kazi. Nikasema halina. Akaliwashia jiko. Nililiangalia likiungua mpaka ile picha ya shati. Sitaki kuliona tena maishani.

Jana jioni nilichora kibodi mpya, kwenye boksi pana, nikiwa nimekaa mbele ya kibodi ya Shangazi yenyewe. Herufi kwa herufi. Mwalimu ameipitisha na kuipiga mhuri. Nimeijaribu jioni. Vidole vingine vimekubali njia mpya, vingine bado vinarudi zizi la zamani. Vitazoea.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Matroni amekuja asubuhi. Mwanamke mrefu, hana maneno mengi. Alikagua makoti moja moja, akigeuza mifuko kuangalia nyuzi kwa ndani. Hakukuta hata moja inayoning'inia! Hiyo ni kazi yangu, lakini sikusema. Akakunja la mwisho. Akamwambia Shangazi kwamba Jumatatu ataleta sare za chuo kizima.

Shangazi alikaa chini taratibu. Msichana wa vifungo aliyekuwa anaogopa kuondoka akaenda kulia nyuma ya pazia.

Kisha Shangazi akanionyesha kwa kidole. Akasema huyu ndiye aliyeifanya kompyuta iwe nyepesi. Basi. Virusi hakuvitaja, sabuni hakuitaja. Binamu alifungua kinywa, Shangazi akamtazama, akakifunga. Nilitaka kuinama nimshike miguu. Badala yake nilikata uzi ambao haukuwepo.

Nimeapa. Sitajifanya najua nisichokijua. Sitagusa kitu cha mtu bila kuombwa. Nimeapa kwa wino mwekundu.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Shangazi amepumzika leo, anastahili. Ameniachia ufunguo nifagie karakana, kila kitu kiwe tayari kwa kesho. Nimefagia. Nimekusanya nyuzi. Nimepangusa vumbi kwenye kompyuta, na ili nipanguse vizuri ilinibidi nikae kwenye kiti.

Nikiwa hapo nikakumbuka kanuni ya Mwalimu. Nenosiri likijulikana na watu, libadilishwe mara moja. Na la Shangazi limejulikana na mtaa mzima! Binamu analitumia kama salamu. Sare za chuo kizima zinakuja kesho, michoro yote imo humo, halafu nenosiri linapigiwa mluzi barabarani? Ningekuwa mzembe kulala na jambo hilo moyoni. Tena kitufe cha kuwashia nakijua.

Nimechagua neno uaminifu. Nilifikiria kuangalia vitufe, kwa usalama. Lakini kibodi yangu mpya ina mhuri wa Mwalimu, na msomi haangalii vidole. Nikafumba macho. Nikaandika, nikarudia. Havikulingana. Nikaandika tena, nikarudia. Havikulingana. Mara ya tatu vikalingana! Sijui vidole vilipita wapi, lakini vilipita pamoja.

Nenosiri lako ni imara sana, imesema kompyuta.

Nimeizima kwa utaratibu. Kesho asubuhi nitapita kumpa Shangazi neno lake jipya. Atashangaa.